Nta ya Kuagana

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza likizo, na leo hii hii nimeokoa heshima ya nyumba. Naandika bado nikiwa na joto la ushindi.

Mambo yenyewe ni haya. Mama mkwe anahama kwake. Ngazi za pale zimeyashinda magoti yake. Mchana ndugu wamekaa sebuleni kwetu kuamua akaishi wapi: kwetu, yaani kwa binti yake, au kwa kaka wa mke wangu, shemeji yangu, ambaye humu ndani namwita Pimamaji. Si tusi. Ni maelezo tu. Bwana huyu hatembei bila pimamaji mfukoni mwa koti, kile kijiti cha mafundi chenye kichupa cha maji na povu katikati. Kila anapokaribishwa mahali hukilaza kwanza juu ya meza ya mwenyeji, aone kama imekaa sawa. Yetu haijawahi kukaa sawa hata siku moja.

Pimamaji akasema chumba chetu cha mbele ni giza. Mama ni mshonaji, macho yake siku hizi yanataka mwanga, na kuta zetu ni mbao za kahawia kuanzia sakafuni hadi darini, zimepigwa vanishi. Akasema mtu akiingia mle saa sita mchana anapapasa swichi. Kwake kuna chumba cheupe na dirisha la kutosha. Mke wangu akajibu kwamba basi na sisi tutazipaka zile mbao rangi nyeupe. Alisema bila kuniangalia. Alijua.

Hapa lazima nieleze, ingawa msomaji ni mimi mwenyewe. Zile mbao ni zangu. Sikuzipigilia mimi, alizipigilia mwenye nyumba wa zamani. Lakini mng'ao ni wangu! Kila Jumamosi tangu tuhamie: kitambaa cha fulana iliyochoka, kopo la nta, ubao mmoja baada ya mwingine. Mtu anaweza kunyoa ndevu mbele ya ule ukuta. Mimi nimeshanyoa.

Na sasa wanataka kuupaka rangi. Nilimeza mate. Kisha nikamwangalia Mama mkwe. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake anayeniita "fundi wangu", tangu nilipomtengenezea mguu wa kiti. Kile kiti baadaye kilimwangusha, lakini jina hakulifuta. Basi nikasimama. Nikasema chumba kitakuwa cheupe kufikia Jumapili na nitakipaka mwenyewe, kwa mikono hii.

Pimamaji akachekea puani. Akasema haya, Jumapili atamleta Mama pamoja na mizigo. Chumba kikiwa tayari, mizigo itashuka. Kisipokuwa tayari, gari litageuka naye na atakaa kwa Pimamaji moja kwa moja. Mama akakubali. Mke wangu akanishika mkono chini ya meza na kunibana vidole mpaka nikaona nyota. Anamtaka mama yake hapa kuliko kitu chochote. Sina hakika kama hata mimi aliwahi kunitaka hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda duka la rangi. Muuzaji ni mwanamke mwenye aproni ya kila rangi isipokuwa ile iliyoshonwa nayo. Nikaomba nyeupe, ya chumba cha mbao. Akauliza mbao zimepakwa nini. Vanishi, nikasema, na juu ya vanishi, nta. Akauliza nta kiasi gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba nta hiyo haipimwi kwa makopo, inapimwa kwa miaka.

Akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kwanza nioshe nta yote kwa maji ya moto na sabuni kali, mpaka kitambaa kitoke safi. Nizibe matundu ya misumari. Halafu nipige msasa, si kwa hasira, ni kiasi cha kuua mng'ao tu, maana rangi haishiki penye utelezi. Nifute vumbi. Nipake rangi ya msingi. Ndipo rangi yenyewe.

Nilikuwa naitikia kwa kichwa, kwa adabu. Lakini moyoni! Kuua mng'ao! Ananiambia mimi, ana kwa ana, mchana kweupe.

Njiani nimelitafakari suala hili kwa kina. Ukuta mbovu hupakwa rangi ili upendeze. Wangu umeshapendeza. Rangi ikikaa juu ya ukuta unaong'aa, mng'ao utapenya kutoka chini na chumba kizima kitawaka kama taa. Yule mama hajawahi kufikiria hivyo kwa sababu hajawahi kukutana na kuta kama zangu. Simlaumu. Kila mtu na bahati yake.

Nimenunua rangi, rola, brashi, na karatasi moja ya msasa, kwa kumheshimu. Rangi ya msingi nimeikataa katakata. Jioni nikamwambia mke wangu kwamba rangi ya kupaka chini ya rangi ni sawa na shati la kuvaa chini ya shati. Akasema hiyo inaitwa fulana, na kwamba nimeivaa. Mke wangu ana tabia ya kukatiza mtu mawazo.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imeanza! Nimetoa kitanda, kabati, zulia na picha zote. Chumba kitupu kina mwangwi mzuri. Nilisimama katikati nikakohoa mara kadhaa, nikajisikia mtu mkubwa.

Kwanza matundu. Puti ya kuzibia sikununua, kwa sababu jikoni kuna unga. Nimekanda donge gumu, nimechanganya na majani ya chai lipate rangi ya mbao, nimeziba kila tundu kwa kidole gumba. Kazi safi. Huwezi kujua palipokuwa na msumari na pasipokuwa nao. Hii wangeifundisha vyuoni.

Kisha msasa. Nilijikaza kisabuni. Nikachagua mahali pembeni mwa mlango, usawa wa mkono, nikasugua sehemu yenye ukubwa wa sinia. Loo! Mng'ao ukafifia, ukawa kijivu, ukafa mbele ya macho yangu. Nilijitazama pale ubaoni sikujiona tena. Nimekuwa nikijiona kwenye ubao ule kila Jumamosi. Nikaweka msasa chini. Kuna mambo mtu mwenye utu hafanyi.

Lakini mke wangu angerudi kutoka kazini mchana, na ameshasema atakagua. Yeye hukagua kwa sikio na kwa kiganja. Akiwa jikoni anataka kusikia msasa unalia; akiingia anataka kupapasa. Basi nikapanga.

Aliporudi nikajifungia. Nikakaa kwenye kiti, nikapakata kibao cha kukatia mboga, nikakipiga msasa. Shwaa, shwaa, shwaa. Mchana kucha! Nikiacha kidogo, namsikia naye anaacha kuosha vyombo. Naanza tena, maji yanaanza tena. Mkono wa kulia umekufa ganzi, mabega yananiwaka moto, jasho limelowanisha fulana. (Ndiyo, nimevaa. Halihusiani.) Kile kibao kilikuwa na makovu ya visu ya tangu tuoane, sasa ni laini kama sabuni na kimepungua nusu ya unene. Unga wake wa mbao nimeukusanya, nikaurusha sakafuni na kidogo kwenye nyusi.

Jioni nikamwita. Pazia nimelishusha, nikisema mwanga unaharibu mbao zilizopigwa msasa. Nikamshika mkono kwa mahaba, nikamwongoza moja kwa moja hadi pembeni mwa mlango, nikaweka kiganja chake kwenye ile sinia. Akapapasa. Akasema pako sawasawa kabisa. Akanifuta vumbi kwenye nyusi na kuniambia nimejitesa sana leo.

Nimejitesa, ndiyo. Hilo ni kweli tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Sisimizi.

Wameingia kwa mstari, kama watu wanaokwenda sherehe waliyoalikwa kwa kadi. Kila tundu la msumari lina foleni yake. Wengine wametoa donge zima na kulibeba. Mke wangu alitazama mlolongo ule kutoka dirishani hadi darini, akauliza puti hiyo ni ya aina gani. Nikasema ni ya asili. Akaenda dukani mwenyewe kabla ya kazi, akaniletea ya kopo. Nimeziba upya. Nakiri imekaa vizuri, ingawa haina ubunifu.

Saa nne, Pimamaji huyo mlangoni! Amepita tu, alisema, yuko njiani. Amevaa koti kwenye joto hili kwa ajili ya ule mfuko. Akaingia chumbani, akachomoa pimamaji, akakilaza kwenye fremu ya dirisha, akaguna. Akanusa hewa. Akauliza kama nta imeoshwa. Nikasema imeoshwa. Akauliza mbona inanukia. Nikasema kitu kilichokaa miaka hakiondoki na harufu yake siku moja, hata yeye akiondoka kwenye nyumba za watu harufu ya mafuta yake ya nywele hubaki. Nilifurahia jibu hilo. Bado nalifurahia.

Akasema hana neno. Yeye kwake ameshatandika kitanda cha Mama, ameshatundika pazia, na amechora sakafuni kwa chaki mahali cherehani itakapokaa, mahali pa kiti, na mahali pa ndala za Mama. Ndala! Amezipimia makao.

Mke wangu aliporudi nilimsimulia, nikitegemea tucheke. Hakucheka. Baadaye nilimkuta chumbani peke yake, amesimama karibu na dirisha, ameinamisha kichwa, mikono mbele, kama mtu anayesukuma kitambaa chini ya sindano. Alikuwa anapima mwanga utamwangukia mama yake vipi. Hakuniona. Nilirudi kinyumenyume.

Nikaapa: chumba hiki kitakuwa kizuri kuliko vyumba vyote. Na kitu kizuri huandaliwa. Mtu akimpeleka binti yake kwa wakwe hampeleki na uso mkavu. Kwa hiyo, mke wangu alipokwenda kuoga, nikafungua kopo la nta na kuzipaka mbao zangu kwa mara ya mwisho. Nta ya kuagana. Nilipaka nyingi, pande zote, hata juu ya puti. Ile sinia pembeni mwa mlango tu ndiyo niliyoiruka, maana pale palishaharibika na sikutaka kukumbushwa.

Wakati wote nilikuwa naimba, ili asisikie kitambaa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya rangi!

Mwanzo ulikuwa na utata. Rola ilipita, rangi ikakaa, nikarudi nyuma kuishangilia, rangi ikajikunja. Ikakimbiana. Ikawa matone matone, kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Nikapita tena, ikajikusanya tena, safari hii upande mwingine. Kulikuwa na sehemu moja tu, pembeni mwa mlango, ambako ilinyonywa mara moja ikatulia. Pale mbao haina nguvu ya kujitetea.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilielewa. Mbao imara haimkubali mtu siku ya kwanza. Dawa ni kuizidi. Nikaacha rola, nikashika brashi kubwa, nikapaka nzito. Ikikauka kidogo, nyingine juu yake. Ikitoa matone, nayaziba kwa rangi. Kufikia alasiri matone yalichoka. Nyeupe pe! Nene kama maziwa ya mgando. Kopo limebaki tupu na mgongo wangu haunyooki.

Mke wangu alirudi, akasimama kizingitini na mkoba bado begani. Chumba kilikuwa kimejaa mwanga. Akaegemea bega langu, rangi ikamshika kwenye blauzi ya kazini, na hata hapo hakujiondoa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema baadaye kwamba mama yake ataona hata tundu la sindano mle ndani.

Nilivimba kichwa mpaka mlango ukanibana. Ningependa muuza rangi angekuwepo. Ningependa Pimamaji angekuwepo mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Rangi imekauka. Nimeigonga kwa kucha, kwa upendo tu, karibu na dirisha. Kona ikainuka.

Niliirudisha. Ikainuka. Niliibana kwa kidole gumba huku nikihesabu madirisha ya nyumba ya jirani, ikatulia. Basi. Ni ngeni tu. Kiatu kipya nacho hubana, halafu siku mbili tatu mtu anasahau.

Hata hivyo si vibaya kuwa mwangalifu. Nimepanga vyombo vyote katikati ya chumba, mbali na kuta. Nimemwambia mke wangu kwamba huu ndio mtindo wa sasa. Nimetundika tangazo mlangoni: TAFADHALI TAZAMA KWA MACHO. Akauliza watu wangetazama kwa nini kingine. Nikasema kaka yako anatazama kwa vidole. Hapo alikubali.

Alikuwa anatafuta kibao cha kukatia mboga. Nikamsaidia kutafuta, kwa bidii, kwenye vyumba ambavyo nilijua hakimo.

Mchana mkono ulikuwa unaniwasha. Jumamosi, na sina ukuta! Nilizunguka na kitambaa kama mjane. Mwishowe nikaingia jikoni nikaipaka nta milango yote ya makabati. Yanang'aa sasa. Kwa kweli sikujua nilikuwa na kipaji kilichofungiwa kwenye chumba kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, bila kujipendelea.

Walifika baada ya chakula cha mchana. Pimamaji alimshusha Mama, mizigo akaiacha kwenye buti ya gari, akalifunga na kuweka ufunguo mfukoni, upande wa pili wa pimamaji. Mama alivaa gauni la kujishonea, na kwenye kola sindano yake, kama kawaida. Nikamsalimia, nikampokea mkoba, nikamwongoza chumbani. Mke wangu alikuwa nyuma yetu na nilisikia hapumui.

Mama aliingia. Akageuka polepole, akitazama kuta. Halafu akachomoa sindano kwenye kola, akatoa uzi kwenye mkoba niliomshikia, akanyoosha mkono kuelekea ukuta mweupe, na akautunga. Mara moja! Bila miwani, bila kulamba uzi mara ya pili. Mke wangu akapiga makofi kama mtoto. Mama akaniangalia akasema, "Fundi wangu."

Ningekufa pale ningekufa mtu mwenye furaha, na mengine yote yasingetokea.

Pimamaji akakohoa. Akasema chumba kinapendeza, ila dari imeinama, na angependa Mama ajue anahamia chini ya dari iliyoinama. Akatoa utepe wa gundi. Nikamwonyesha tangazo. Akasema atatazama kwa macho, utepe ndio utakaogusa. Akaubandika ukutani usawa wa kichwa, sambamba na dari, akaweka pimamaji juu yake, akatuonyesha povu lilivyokwenda kushoto. Mama akasema hata yeye akisimama anakwenda kushoto. Basi Pimamaji, akiwa muungwana, akavuta utepe ili aache ukuta kama alivyoukuta.

Utepe haukuja peke yake.

Rangi ilianza kuja kwa sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Ikabanduka kutoka usawa wa kichwa kwenda juu, kutoka juu kwenda pembeni, ukuta mzima, kipande kimoja, haikuchanika! Ikajikunja kutoka darini, ikamwangukia Pimamaji kichwani na kumfunika mpaka magotini. Tukabaki tunaangalia shuka jeupe lenye viatu. Ndani yake pimamaji kilianguka kikalia sakafuni.

Na nyuma yake? Mbao zangu! Sijawahi kuziona ziking'aa vile. Tulikuwemo sote mle: Mama na sindano yake, mke wangu na mikono yake mdomoni, mimi, na shuka.

Ukuta wa pili ukafuata wenyewe, kwa kuhurumia, nadhani.

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, na kwa bahati njema viti vilikuwa katikati. Lakini mke wangu hakucheka. Alitoka. Nilisikia droo za jikoni zikifunguliwa moja moja, kisha kimya. Akarudi na kile kibao cha kukatia mboga, chembamba kama daftari. Nilikuwa nimekificha chini ya magunia ya viazi. Akanipa mikononi. Akageukia dirisha, na mabega yake yakashuka.

Nimeshindwa mara nyingi katika maisha yangu kwa sababu ya makosa ya watu wengine, lakini sijawahi kujisikia vibaya kama nilivyojisikia nikitazama yale mabega.

Pimamaji alijitoa ndani ya shuka, nywele zimesimama. Akasema anadhani jambo limekwisha. Akamwambia Mama twende. Mama hakuinuka. Aliokota pindo la ile rangi, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anayechagua kitambaa dukani. Akasema kitambaa ni kizuri, kasoro yake hakikutiwa bitana. Kisha akamwambia mwanawe ashushe mizigo.

Pimamaji akasema walikubaliana kuhusu chumba kuwa tayari. Mama akasema ndiyo, na chumba kimemwonyesha tundu la sindano, na alichokiona ameshakiona. Cheupe kitafaa, kilichobaki ni kukishikiza. Akasema kwake Pimamaji ndala zake zimechorewa mahali, na yeye ana miguu ya kizembe, huvua popote. Akamtazama binti yake pale dirishani akasema hakuja kuishi na ukuta. Mke wangu akageuka. Akaja akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na wakakaa hivyo.

Nikaona hapo ndipo pa kusema kitu. Nikasema nilijua yatakuwa haya.

Mama akasema mimi nitaosha, nitapiga msasa, na nitapaka rangi ya msingi, yeye akiwa amekaa hapo hapo kwenye kiti. Pimamaji akaenda kushusha mizigo. Alikuwa na kipande cha rangi nyuma ya sikio na hakuna aliyemwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Kubandua kumekwenda kwa raha, kama kumenya ndizi. Mashuka makubwa, nimeyakunja vizuri. Mke wangu anaongea nami tena, ingawa kwa sentensi fupi.

Tatizo limekuwa moja. Pembeni mwa mlango kuna kipande, ukubwa wa sinia, kimegoma kabisa. Nimekivuta, nimekichokonoa kwa kisu, nimekwangua asubuhi nzima. Rangi imeshika kama imezaliwa hapo! Nimewaeleza Mama na mke wangu kwamba ile ni kasoro ya mbao. Hutokea. Ubao mmoja mbovu katika chumba kizima. Walitazamana kwa muda mrefu.

Kisha sabuni na maji ya moto. Ndoo ya kwanza imetoka kahawia. Ya pili, kahawia. Mama akauliza kama ninaosha ukuta au ninapika chai.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi kamili! Chumba ni cheupe na leo mchana Pimamaji mwenyewe amekuja na utepe wake. Akaubandika. Akavuta. Ulitoka utepe mtupu. Akabandika mahali pengine, akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani. Mtupu! Aliondoka kimyakimya, hata meza hakuipima. Mama alikuwa anashona dirishani na hakuinua kichwa, ila alisema, "Fundi wangu," na mke wangu aliyekuwa anakunja vitambaa pembeni yake akaniangalia na kutabasamu kama alivyokuwa akitabasamu zamani. Sina la kuongeza. Hata mfalme hana chumba kama kile.

Nimekaa nikachambua ni nini kilichofanikisha. Wanawake wanasema ni msasa. Sikubishana. Ukweli ni kwamba mbao zilikuwa zimeshaizoea rangi. Mara ya kwanza ziliikataa kwa ugeni, mara ya pili zikaijua. Mtu yeyote angeona. Ningeacha zile rangi za mwanzo zikae wiki moja zaidi, bila watu kuja na tepe, tusingehitaji kusugua kitu.

Mke wangu amefurahi kiasi kwamba anataka na makabati ya jikoni yawe meupe. Akaniuliza kama nitaweza, au aite mtu. Aite mtu! Nimemwambia aniachie mimi. Amenipa karatasi mpya za msasa, na akaniambia atakuwa sebuleni, atakuwa anasikiliza.

Makabati yenyewe yako tayari. Yana nta ya Jumamosi iliyopita, na leo nimeyaongezea nyingine, ya kuagana. Kilichobaki ni sauti.

Juu ya meza kuna kibao kipya cha kukatia mboga. Amekinunua jana. Ni cha mbao nzito, kina unene wa kutosha. Nadhani kitanifikisha jioni.